Mimi ni Mpangaji Tu

Kwenye ploti yetu hapa Manyatta, slabu ya kufunika mfereji ilivunjika upande mmoja. Wiki mbili nzima niliiruka nikienda dukani. Jibu langu lilikuwa moja: mimi ni mpangaji tu, mwenye ploti ashughulike. Halafu jioni moja mtoto wa jirani akatumbukia, akavunjika mkono.

Kosa ni la nani? La landilodi, sawa. Lakini yeye hakuwa anaipita kila asubuhi. Mimi nilikuwa naipita.

Tangu siku hiyo nawaza juu ya Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyoko Kaunti ya Migori. Yana umri wa miaka kama 500. Wakati huo vijiji vya Uingereza vilikuwa vikiongeza minara na madirisha kwenye makanisa ya parokia yaliyoanzishwa na watu waliokwisha kufa zamani.

Kuta za Thimlich zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, unene kama mita moja, na hazikutiwa udongo wala saruji. Safu ya nje na ya ndani zimeshikanishwa na mawe madogo ya katikati. Ukuta wa namna hiyo, jiwe likichomoka, mengine hulegea. Hausubiri mwenyewe aje.

Na mwenyewe ni nani? Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilikaa mle kwa zamu, hawa wakihama, wale wakiingia. Waliokuja baadaye walikarabati kuta wasizozijenga. Kama wangesema "si zetu", mwaka 2018 UNESCO ingeorodhesha nini? Rundo la mawe.

Utaniambia walikarabati kwa kuogopa maadui, si kwa wema. Kweli. Lakini basi umiliki haukuwa swali lao kabisa. Swali lilikuwa: nani analala ndani usiku huu?

Utasema pia nikimfanyia landilodi kazi yake, atazoea. Hilo linaniuma zaidi, maana kodi nalipa. Ila deni lake kwangu haliwezi kulipwa kwa mkono wa mtoto. Ningeweka jiwe, kisha nigombane naye.

Sasa nimeweka bati nzito na mawe manne. Kugombana nimeanza. Mtoto bado ana plasta, na mamake akinisalimia, mimi ndiye ninayeangalia chini.