Kuazima au Kuiba? Nikisikiliza Time Out



Kama jazi inakuogopesha, yaani unaona ni muziki wa wazee wenye miwani, anza na Time Out ya Dave Brubeck, ya mwaka 1959. Haichoshi hata kidogo. Wimbo wa kwanza, Blue Rondo à la Turk, unakwenda kwa mapigo tisa: hesabu moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Jaribu kupiga makofi uone. Kwaya yetu ingeshapotea kabla ya kiitikio!

Mapigo hayo Brubeck hakuyabuni. Aliyasikia kwa wapiga muziki wa mtaani huko Istanbul, Uturuki, mwaka 1958, alipokuwa kwenye ziara iliyofadhiliwa na serikali ya Marekani. Akarudi nayo nyumbani, na jina la mtunzi likaandikwa lake.

Sasa, Amri ya Saba inasema usiibe. Huu ni wizi? Mimi nasema hapana, ila nasema kwa kusitasita. Mdundo si kuku. Ukiuchukua, mwenyewe anabaki nao. Na Uturuki imetajwa kwenye jina lenyewe la wimbo. Lakini albamu iliuza nakala zaidi ya milioni moja, na wale wa mtaani hawakutajwa hata kwa jina.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: unaweza kuupenda mdundo wa mtu na bado ukamkataa mtu mwenyewe. Jazi ilizaliwa kwa Wamarekani weusi. Vyuo vya kusini mwa Marekani viliitaka jazi hiyohiyo, ila bila Eugene Wright, mpiga besi mweusi wa kundi la Brubeck. Mwaka 1960 Brubeck alikataa kuweka mzungu mahali pake. Kati ya maonyesho 25, zaidi ya 20 yakafutwa. Hiyo ni hela, jamani, si maneno matupu. Na wakati huo hata Mkatoliki hakuwa. Alipokelewa Kanisani mwaka 1980, baada ya kutunga misa yake, To Hope!

Hapo namheshimu. Ila Wright alikuwa jukwaani, anaonekana, angeweza kutetewa. Wale wa Istanbul hawakuwapo mezani wakati wa hesabu. Deni lao analipa nani? Brubeck, kampuni iliyouza, au sisi tunaosikiliza bure kwenye simu? Wewe unaonaje?