Je, Pambo ni Uongo?

Wahenga walituachia methali isemayo: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Methali hii tumeifundisha darasani miaka mingi, tukiwaonya vijana wasidanganyike na rangi ya nje. Imetujia tena kwa njia tusiyoitazamia, tulipofuatilia mabishano ya wapiga gitaa juu ya zile pedali wanazozikanyaga ili kuugeuza mlio wa chombo chao. Baadhi yao hushikilia kwamba sauti ya kweli hutoka vidoleni, na kwamba pedali ni mkakasi mtupu. Wengine hujibu kwamba pedali ni sehemu ya ala, kama zilivyo nyuzi zake. Swali lililojificha humo haliwahusu wanamuziki pekee: je, pambo ni uongo?

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Katika gitaa la umeme, mtetemo wa uzi hugeuzwa kuwa mkondo wa umeme, ukapita katika kikuza sauti, kisha ukatokea katika spika. Pedali huwekwa katikati ya njia hiyo. Mojawapo huurudia mlio kama mwangwi, nyingine huukwaruza, nyingine huushusha au kuupandisha. Mkwaruzo huo, ambao leo vijana huupenda sana, aghalabu ulitokana na kasoro. Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, na ndani yake mlikuwa na mlio wa gitaa la besi uliopita katika mtambo wenye hitilafu. Haukufutwa. Mwaka 1962 ikaanza kuuzwa pedali ya Maestro Fuzz-Tone, iliyotengenezwa makusudi ili kuiga mlio wa namna hiyo. Basi kilichokuwa kosa kikawa pambo.

Mabishano haya yanaonekana waziwazi katika filamu It Might Get Loud ya mwaka 2008, iliyowakutanisha wapiga gitaa watatu: Jimmy Page, The Edge na Jack White. White huiona mitambo kuwa adui wa ukweli na wa hisia; kwake yeye mwanamuziki sharti apigane na ala yake. Mwanzoni mwa filamu anajitengenezea ala ya uzi mmoja kwa ubao, misumari na chupa. The Edge naye ni bingwa wa mwangwi. Katika filamu hiyo hiyo anapiga kipande kinachovuma kama bahari, kisha anaziondoa pedali zote na kukipiga tena. Kinachobaki ni kitu chepesi mno, ambacho mwanafunzi wa miezi michache angeweza kukipiga. Naye hakionei haya.

Ni nani kati ya hao wawili aliye mkweli? Tusiharakishe kuamua. Ala ile ya White nayo ilikuwa na kinasa mtetemo cha umeme. Tena katika wimbo wake mashuhuri Seven Nation Army, wa mwaka 2003, ule mlio mzito ambao wengi hudhani ni wa gitaa la besi ni wa gitaa la kawaida lililoshushwa kwa pedali. Hatusemi hayo ili kumsuta. Twataka tu kuonyesha kwamba hata anayeishuku mitambo huihitaji, na kwamba mpaka kati ya sauti tupu na sauti iliyopambwa si rahisi kuuchora.

Wala tusidhani kwamba jambo hili liliingia Afrika pamoja na umeme. Wapigaji wa mbira wa Zimbabwe hufunga vifuniko vya chupa, na zamani makombe ya konokono, ili kila noti iambatane na mvumo wa kukwaruza. Bila mvumo huo wenyewe huiona ala kuwa na upungufu. Huko Kinshasa, kundi la Konono N°1 la marehemu Mingiedi lilizikuza likembe kwa maikrofoni zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu. Mitambo ilikwaruza, nao wakaukubali mkwaruzo ukawa sauti yao, hata ukasifiwa Ulaya baada ya kutoka albamu Congotronics mwaka 2004. Nani atathubutu kusema kwamba wazee hao walidanganya?

Basi uongo u wapi? Kwa maoni yetu haumo katika kuigeuza sauti, bali katika kile ambacho msikilizaji ameaminishwa. Programu ya Auto-Tune, iliyotokea mwaka 1997, hunyosha noti za mwimbaji aliyekosea. Mwaka 1998, katika wimbo Believe wa Cher, ilitumiwa kwa nguvu hata kila mwenye masikio akatambua kwamba sauti imegeuzwa. Hapo hakuna aliyeibiwa. Lakini programu hiyo hiyo ikitumiwa kimyakimya, kisha mwimbaji akapokea sifa kwa usahihi wa koo lake, hapo pana sifa iliyotolewa kwa kitu kisichokuwapo. Chombo ni kimoja. Ahadi ndizo mbili.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kujitazama katika kioo hiki. Miaka mingi tumewaambia wanafunzi: pambeni insha zenu kwa methali na tamathali za semi. Wakati mmoja mwanafunzi wetu aliandika juu ya ugonjwa wa mama yake, kwa maneno makavu, bila methali hata moja. Tulimpa alama ndogo na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Insha haina mapambo." Insha yake iliyofuata ilikuwa na methali tisa, nasi tukampongeza. Tulipoisoma tena baadaye tuliona kwamba mtu hakuwamo tena ndani yake. Sisi ndio tuliomfundisha kukanyaga pedali kabla hajapiga noti.

Hatushauri methali ziachwe. Lugha yetu bila methali ni kama mbira bila mvumo wake. Tunashauri mwanafunzi afanye kama The Edge: aziondoe kwa muda, aisome insha yake ikiwa tupu, na ajue kilichobaki. Huenda kikawa kidogo, na udogo si aibu. Kisha azirudishe zile zinazoyavumisha aliyotaka kusema, na kuziacha zile zilizowekwa ili kumridhisha mwalimu. Na mwalimu naye, kabla ya kuchukua wino mwekundu, ajiulize kama amemsikia aliyeandika.