Mto wa Kanga

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na aghalabu huwaona nyumbu na pundamilia katika mbuga ya Mkata bila ya kushuka katika basi. Simba huonekana kwa nadra zaidi. Sisi tulioishi upande wa Kilosa, katika kijiji cha Chanzuru na vijiji jirani, tulimjua simba kwa masimulizi ya wazee zaidi kuliko kwa macho yetu, na masimulizi hayo hayakuwa ya kuchekesha. Hata hivyo, simba huyu wa mbuga zetu, tena akiitwa kwa jina lake la Kiswahili, amekuwa shujaa wa mojawapo ya michezo ya nyimbo iliyotazamwa na watu wengi kabisa duniani. Nao huo ni The Lion King, yaani Mfalme Simba, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Minneapolis, Marekani, mwezi Julai 1997, na kufunguliwa New York mwezi Novemba mwaka huohuo.

Sina nia ya kuusifu mchezo huo kwa sababu ya Kiswahili chake. Kiswahili chake ni majina tu: Simba, Rafiki, Sarabi, fisi ameitwa Shenzi, na yule ngiri mwenye moyo mwema amepewa jina Pumbaa, ambalo sijui kama alishauriwa. Hata maneno “hakuna matata”, yaliyoenea ulimwenguni kote, mtu wa pwani asingeyatamka upesi. Angesema “hamna tabu” akaendelea na safari yake. Nia yangu ni kuutumia mchezo huo kuchunguza swali linalowahusu walimu wote wanaotayarisha maonyesho shuleni. Mchezo unapohama kutoka jukwaa moja hadi jingine, vyombo vikapungua au vikaongezeka, mbinu zikabadilika, ni kitu gani kinachobaki hata tuuite mchezo uleule? Na, zaidi ya hilo, anayeonyesha ana deni gani kwa anayetazama? Swali la kwanza ni la ufundi. La pili ni la maadili, na ndilo lililoniingiza mimi binafsi katika makosa, kama nitakavyoeleza.

Hadithi ya Mfalme Simba ilikuwa kwanza filamu ya katuni, mwaka 1994. Katika katuni mchoraji anaweza kufanya lolote: nyumbu elfu wakateremka korongoni, mwana-simba akalia machozi. Jukwaani hayo hayawezekani, na mwongozaji, Bibi Julie Taymor, aliyekuwa ameishi Indonesia miaka kadhaa na kuyajua maonyesho ya vikaragosi ya huko, hakujaribu kuyawezesha kwa hila. Yeye pamoja na Michael Curry walichonga vinyago vya simba visivyofunika uso wa mwigizaji, bali vinavyokaa juu ya kichwa chake, hivi kwamba mtazamaji huwaona wawili kwa pamoja, simba na mtu. Twiga ni mtu anayetembea juu ya mironjo. Nyasi za mbuga ni waigizaji waliobeba majani vichwani. Nyumbu wa korongoni kwanza ni picha ndogo zinazozunguka nyuma kabisa ya jukwaa, kisha ni safu za wachezaji wenye vinyago vinavyozidi kuwa vikubwa kadiri wanavyosogea mbele. Ukame unapoingia, ziwa, ambalo ni kitambaa cha duara kilichotandazwa sakafuni, huvutwa polepole ndani ya tundu mpaka linatoweka. Na simba jike wanapoomboleza, huvuta tepe za kitambaa kutoka katika macho ya vinyago vyao. Hayo ndiyo machozi.

Mchezo huo umesafiri sana. Ulifika London mwaka 1999, na Johannesburg mwaka 2007, ambako kwa namna fulani ulikuwa umerudi nyumbani, maana sauti za kwaya zake zilitungwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Huko New York kwenyewe ulihamishwa mwaka 2006 kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Katika safari hizo zote vitu vilibadilika. Ule mwamba mkubwa ambao mfalme husimama juu yake, katika ukumbi wa kwanza wa New York uliinuka kutoka chini ya jukwaa ukizunguka kama ngazi ya mnara, kazi ya mitambo ya gharama kubwa. Lakini vikundi vinavyosafiri mji hadi mji haviwezi kuchimba sakafu za kumbi za watu. Huko mwamba huingizwa kutoka kando. Wimbo mmoja mzima ulioongezwa kwa ajili ya jukwaa uliondolewa New York mwaka 2010, pamoja na dakika nyingine kadhaa, na watoto walioutazama baada ya hapo hawakujua kuwa wamepunjwa.

Yafaa msomaji atazame ni kipi kilichoondolewa na ni kipi kilichobaki. Mtambo ulioinua mwamba ulikuwa wa ajabu kuliko vyote, lakini watu waliweza kusafiri bila ya huo. Kitambaa cha ziwa na tepe za machozi, vitu ambavyo fundi yeyote wa cherehani anaweza kuvikata kwa saa moja, vimeendelea. Kwa nini? Jibu rahisi ni kwamba kitambaa hubebeka. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, maana wenye mchezo ule hawakosi fedha. Wangetaka maji halisi wangeyapata.

Jibu langu mimi nililipata Chanzuru, nalo nililipata kwa njia ya aibu.

Wazee wa Kilosa wanakumbuka vema mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Familia nyingi ziliishi katika mahema kwa muda mrefu. Miaka miwili baadaye, wanafunzi wa shule niliyokuwa nikifundisha walitunga mchezo wa nyimbo kuhusu familia moja iliyohamishwa na maji: baba, mama, bibi, watoto watatu na mbuzi mmoja. Hatukuwa na ukumbi wala umeme. Tuliigiza chini ya mwembe, alasiri, na wanakijiji wakakaa juu ya mikeka na magogo.

Mto wetu ulikuwa kanga sita za buluu zilizoshonwa pamoja. Wanafunzi wanane waliushika, wanne kila upande, wakaanza kuutikisa chini kabisa kwenye vifundo vya miguu. Kwaya iliimba taratibu. Kanga zikapanda hadi magotini, kisha viunoni, na ngoma ikaingia. Mama wa familia aliinua chungu juu ya kichwa, baba akainua mkeka, mtoto mdogo akamwinua mbuzi, ambaye alikuwa gunzi la hindi lenye miguu ya vijiti. Kanga zilipofika shingoni, waliobaki kuonekana walikuwa vichwa tu na vitu vilivyoinuliwa. Hapo ngoma ilinyamaza. Baadhi ya kina mama waliokuwa wakitazama walianza kuimba pamoja na kwaya, bila ya kuombwa, na wapo waliokuwa wakilia huku wakiimba.

Baada ya mchezo nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele. Akaitikia “Marahaba”, kisha akaniambia, “Mwalimu, mto wenu una adabu. Ule wa kweli haukupiga hodi.”

Nililichukua neno hilo kama sifa, nikalisahau.

Mwezi uliofuata tulialikwa kuonyesha mchezo huo mjini, katika ukumbi wenye pazia, taa za rangi na vipaza sauti. Bwana mmoja aliyehusika na ukumbi huo alinipa ushauri, tena kwa wema kabisa, kwamba kanga zile ni za kijijini mno. Yeye alikuwa na sauti ya mafuriko iliyorekodiwa, maji yanayonguruma, miti inayovunjika, watu wanaopiga mayowe. Tungezima taa zote na kuifungulia. Mimi nilikubali, sikulazimishwa na mtu. Nilifikiri kwamba hatimaye mchezo wetu ungeonekana mchezo wa kweli.

Taa zilizimwa. Sauti ilikuja kutoka pande zote. Katika giza lile mtoto mmoja, hayumkini alikuwa wa darasa la nne, alipiga ukelele ambao haukuwa katika kanda. Taa zilipowashwa alikuwa chini ya kiti, ameziba masikio, na mama yake akijaribu kumtoa. Nilijulishwa baadaye kwamba walikuwa wametoka Kilosa baada ya mafuriko. Watazamaji wengine walipiga makofi sana. Kwa hakika makofi yalikuwa mengi kuliko yale ya Chanzuru.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Mto wa kanga ulikuwa ukisema wazi: mimi ni kanga, nanyi mkipenda nitakuwa mto. Mtazamaji ndiye aliyeufanya mto kwa hiari yake, na kwa kuwa aliufanya yeye, aliweza pia kuuacha akizidiwa. Alitazama mikono ya wanafunzi wanane na kujua mahali alipo. Kwa hiyo waliopatwa na maafa yale waliweza kuyatazama tena, wakaimba. Sauti ya ukumbini haikuomba ruhusa ya mtu. Ilikana kwamba ni mchezo. Ilimchukua mtoto yule bila ya hodi, kama mto wenyewe ulivyomchukua, na tofauti pekee ni kwamba safari hii nyuma yake palikuwa na mwalimu aliyekusudia.

Nadhani ndiyo sababu vitambaa vya Mfalme Simba vimedumu. Mchezo ule unawaonyesha watoto wadogo baba akifa mbele ya mwanawe. Jambo zito hilo. Watoto hulistahimili kwa sababu wanaona, wakati wote, kwamba machozi ni tepe na simba ana mtu chini yake.

Hapana shaka wapo watakaonipinga kwa kutaja mapiko ya Wamakonde. Mchezaji wa mapiko hufunikwa mwili mzima, na kinyago chake humfunika kichwa. Kwa desturi ya unyago wanawake na watoto walielezwa kwamba huyo si mtu. Je, huo nao ni udanganyifu? Hoja hii ni nzuri, na kwa muda mrefu ilinishinda. Lakini mapiko ya jadi hayakufanywa mbele ya watu wasiojuana. Kijiji kizima kiliibeba siri ile, kila rika kwa kiasi chake. Kijana alifunuliwa alipotimiza umri, na huenda watu wazima wa kike walijua zaidi ya walivyokiri. Siri ilikuwa na mlango, na wenye ufunguo walikuwa ndugu na majirani. Baada ya Uhuru, ngoma hiyo ilipoanza kuonyeshwa katika sherehe na viwanja vya mijini, wote tulijua kuwa ndani yuko mtu. Tulishangilia ustadi wa miguu yake. Ngoma ilibadilika, na sidhani kuwa ilikufa. Ila mapatano kati ya mchezaji na mtazamaji yalikuwa mengine, na wachezaji walitambua hivyo. Mimi katika ukumbi ule sikutambua. Niliyachukua mapatano ya chini ya mwembe nikayavunja gizani, ilhali hapakuwa na kijiji cha kumshika mtoto yule mkono.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo hutoka kwa wanafunzi wenyewe. Husema: “Mwalimu, unaisifu kanga kwa sababu hatuna taa.” Wana haki ya kusema hivyo. Umaskini si fadhila, na mtu asiwaambie vijana wa Chanzuru kwamba kukosa ni utamaduni wao, ilhali wa mijini wanachagua kati ya kanga na umeme. Kila shule iliyoigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, imepaswa kujiuliza jinsi ya kuonyesha maji ambayo watu waliamini yatazuia risasi, na ningependa shule zote zijiulize hivyo zikiwa na vifaa sawa mkononi. Taa si adui. Taa zilizozimwa pale mjini zingeweza kutumika kuwashwa.

Mwaka uliofuata tuliurudia mchezo huo, Chanzuru, usiku, kwa karabai mbili za kuazima. Karabai moja iliwekwa nyuma ya kanga. Hatukutarajia kilichotokea: mwanga ulipenya katika kitambaa, na miguu ya wale wanane ikaonekana waziwazi ndani ya mto, ikikanyaga huku na huku. Baada ya mazoezi kulizuka ubishi. Nusu ya darasa walitaka karabai ihamishwe, maana mto gani una miguu? Nusu nyingine walisema miguu ibaki, kwani wakati wa mafuriko watu ndio waliobebana. Msichana mmoja aliyekuwa akishika pindo la mbele alisema kwamba yeye hajali karabai itakaa wapi, ila asiambiwe kuvaa viatu.

Niliwaachia waamue. Walibishana hadi saa mbili usiku, na onyesho lilikuwa kesho yake.