Mkoba na Amana

Vitu vya dunia ni vya namna mbili. Viko vitumikavyo kwa nafsi zao, kama chakula na taa. Na viko vilivyofanywa ili vichukue vingine, kama chungu, ghala, mtumbwi na mkoba. Namna ya kwanza husifiwa na kila mtu. Namna ya pili aghalabu husahauliwa mpaka siku inapopasuka. Hapo hutokea swali lisilo dogo kama lionekanavyo: kitu kilichofanywa ili kitumikie kingine chapasa kupimwa kwa kipimo gani? Kwa uzuri wake, kwa bei yake, au kwa usalama wa kile kilichomo?

Mkoba wa kompyuta mpakato ni mfano ufaao kwa swali hilo. Jina lenyewe la kompyuta hiyo lina hekima. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Basi kompyuta mpakato ni ile iwekwayo mapajani kama mtoto. Ikiwa jina hilo ni la haki, mkoba wake ni mbeleko. Mama hachagui mbeleko kwa maua ya kitambaa peke yake. Huivuta kwa mikono miwili, huutazama upindo wake, hufunga fundo na kulijaribu, ndipo amtie mtoto mgongoni. Maua huyapenda, na kuyapenda si kosa. Lakini hawezi kuyakabidhi maua maisha ya mtoto.

Mathalani mwalimu wa sekondari wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, apanda kwenda mjini Mbinga kununua mkoba. Njia yamfundisha kabla hajafika dukani. Mbinga uko milimani, zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini sana, kiasi cha meta 470 tu. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay hushuka kona baada ya kona. Tena aiachaye lami na kuingia njia za vijiji vya kando ya ziwa, upande wa Liuli na Lituhi, hukutana na vumbi la kiangazi na tope la masika akiwa nyuma ya pikipiki. Au hupanda mashua, na upepo wa kusini ukivuma maji humrukia yeye na mzigo wake.

Dukani akuta mikoba miwili. Mmoja wang'aa, una mifuko mingi, na jina la kampuni mashuhuri limebandikwa juu yake kwa gundi. Wa pili umepoa rangi wala haujisifu. Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Mwenye busara hufungua akaingia ndani.

Ndani ndiko kwenye ukweli. Kioo cha kompyuta hupimwa kwa inchi toka pembe hata pembe. Kile cha inchi 15.6 ni sawa na sentimeta 39.6. Lakini umbo la kompyuta hukizidi kioo, kwa hiyo yafaa kompyuta yenyewe itiwe mkobani, isiaminiwe namba peke yake. Ikicheza ndani, itajigonga. Ikibanwa, zipu itachukua mzigo usio wake. Kisha sponji ibonyezwe: ikibaki na shimo la kidole, haina kinga. Kitako nacho kichunguzwe. Chumba cha kompyuta chapasa kuning'inia juu ya kitako cha mkoba, ili mkoba utuliwapo kwa kishindo sakafu isiifikie kompyuta. Mahali mkanda unapoungana na mkoba ndipo uzito wote unapokusanyika. Mshono mmoja hapo hautoshi, wapasa uwe wa mraba uliokatwa kwa msalaba. Zipu ivutwe mara nyingi, hasa penye kona. Hata kitambaa kina kipimo. Nailoni, iliyobuniwa katika maabara ya DuPont huko Marekani mwaka 1935, hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa meta 9,000. Uzi wa denia 1,000 ni mnene mara tano kuliko wa denia 200 kwa uzito wake; walakini unene wa uzi haufai kitu ikiwa mshono ni mbovu.

Mwalimu akimaliza kuchunguza hayo huona kuwa karibu kila alilolitazama limefichika. Sponji haionekani, kitako hakionekani, mshono wa ndani hauonekani. Fundi angaliweza kuyaacha yote hayo na mkoba ukauzika vilevile. Kwa hiyo mshono wa ndani ni zaidi ya uzi. Ni ahadi ambayo fundi amempa mtu asiyemjua wala hatamwona.

Jambo hili si geni kwa watu wa Mbinga. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa ngoro tangu kabla ya utawala wa Wajerumani. Mkulima hukata majani, huyalaza kwa mistari inayokatana mpaka iwe miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani hayo. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Mvua inyeshapo, shimo huyapokea maji, na udongo hauchukuliwi bondeni. Mpita njia huona maharage na mahindi yaliyostawi juu ya matuta; majani yaliyolazwa chini, yanayooza yakawa mbolea, hayaoni. Lau mkulima angalipanga matuta kwa ajili ya macho ya mpita njia, mvua kubwa ya kwanza ingalimfedhehesha. Mlima hudai kazi iliyofichika, na njia ya kwenda ziwani hudai vivyo hivyo kwa mkoba.

Lakini kwa nini kuchagua mkoba kuitwe jambo la maadili, wala si la mapenzi ya mtu tu? Sababu imo ndani ya kompyuta. Mwenyewe husema, "Kompyuta yangu," na kweli aliinunua. Vilivyomo si vyake vyote. Katika ile ya mwalimu mna alama za wanafunzi wa mwaka mzima. Katika ile ya karani wa chama cha ushirika mna kilo za kahawa za kila mkulima, na kilo hizo ndizo karo na dawa za nyumba nyingi. Katika ile ya mganga wa zahanati mna habari za wagonjwa. Vitu hivyo ni amana. Mtu anaweza kuhatarisha mali yake, akapata hasara yake. Hana ruhusa ya kuhatarisha jasho la mwenziwe kwa kupenda mng'ao.

Wako watakaosema kuwa maneno haya ni ya watu wenye nafasi, na kwamba maskini hununua awezacho. Hoja hiyo ina haki yake. Asiyeweza kabisa halaumiwi. Lakini wema wa mkoba na bei yake si kitu kimoja, kama jina lililobandikwa kwa gundi lionyeshavyo. Fundi cherehani wa sokoni aweza kuushona upya mkanda kwa gharama ndogo, na kipande cha sponji ya godoro chaweza kuongezwa kitakoni. Lawama ni ya yule aliyekuwa na macho asitazame, na zaidi ya yule auzaye ahadi asiyoijua.

Wengine watasema kuwa kushughulika mno na vitu ni utumwa. Kweli, uko utumwa wa namna hiyo. Lakini mkoba mbovu ndio umtumikishao mwenyewe: humshika kwa mkono njia nzima, huutazama kila wingu lipitapo. Mkoba mzuri humpa nafasi ya kuusahau akalitazama ziwa. Hata hivyo haumwondolei wajibu wote. Mwenye amana yampasa kuweka nakala mahali pengine, kwani hakuna mshono uwezao kushindana na mashua iliyopinduka.

Basi mkoba hupimwa kwa kile ulichokifikisha salama, na mchaguzi hupimwa kwa watu aliowakumbuka alipokuwa akichagua. Mwalimu arudipo shuleni, akaifungua kompyuta na kuwasomea wanafunzi alama zao, hapana mwanafunzi atakayeuliza habari za mshono. Atauliza alama yake, naye ataikuta ipo.