Je, Kuomba Daktari wa Pili ni Utovu wa Adabu?

Wazee wetu walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Ni neno la huruma: mgonjwa hana nguvu za kuomba, basi wamwuguzao wampe kimfaacho bila kungoja. Lakini wako watu waliolichukua neno hili mpaka hospitalini wakaligeuza, wakadhani ya kuwa mgonjwa haulizwi kitu cho chote, wala jamaa zake hawana ruhusa ya kunena. Mama akisema, "Bwana Daktari, naomba mwenzako naye amtazame mwanangu," hushangaliwa kana kwamba ametukana. Basi, ndugu wasomaji, natulifikiri jambo hili.

Sikilizeni habari ya mtoto wa Uingereza, jina lake Martha Mills. Mwaka 2021, alipokuwa na umri wa miaka 13, alianguka na baiskeli katika nchi ya Wales, usukani ukamwumiza tumboni na kuharibu kongosho. Akapelekwa London, katika hospitali kubwa yenye mabingwa wa ugonjwa huo. Akiwa huko, maradhi yakaenea katika damu yake. Mama yake aliona hali inazidi kuwa mbaya, akawaeleza madaktari hofu yake, wakamtuliza tu. Mtoto hakuhamishwa mapema kwenda chumba cha wagonjwa mahututi, akafa siku chache kabla ya kutimiza miaka 14. Mwaka 2022 hakimu achunguzaye vifo alitamka ya kuwa yaelekea angalipona kama angalihamishwa mapema.

Tazameni, elimu ilikuwako tele, na dawa zilikuwako. Jicho la pili ndilo lililokosekana.

Wazazi wake walidai desturi ibadilike, na tangu mwaka 2024 hospitali za Uingereza zilianza kufuata Kanuni ya Martha. Kwa kanuni hii, mgonjwa au jamaa yake huulizwa kila siku kama aona nafuu au azidiwa. Mtumishi wa hospitali mwenye shaka aweza kuita wataalamu wengine wamtazame mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe, au jamaa yake, aweza kuwaita vile vile, usiku na mchana. Wala si jambo la Waingereza peke yao. Chama cha Madaktari wa Ulimwengu, katika tamko lake la Lisbon lililotengenezwa upya mwaka 1995, kilikiri ya kuwa mgonjwa ana haki ya kuomba shauri la daktari mwingine wakati wo wote.

Labda mtu atasema, "Daktari amesoma miaka mingi, mama wa kijijini atamfundisha nini?" Hatamfundisha uganga. Lakini daktari aujua ugonjwa, na mama amjua mtoto. Yeye ndiye ajuaye jinsi mwanawe aliavyo siku zote, na jinsi kilio cha leo kilivyo kigeni. Mwenye busara huyaweka maarifa hayo mawili pamoja.

Mwingine atasema, "Huku kwetu madaktari ni wachache, hospitali nyingine ina mmoja tu." Ni kweli, wala si neno dogo. Daktari aitwaye kwangu ameacha kitanda cha mwingine, kwa hiyo si haki kumwita kwa kila kikohozi. Lakini hata palipo na daktari mmoja, muuguzi wa zamu ana macho, na barua ya kwenda hospitali kubwa zaidi yaweza kuandikwa. Uchache wa madaktari watufundisha kuomba kwa kiasi; hautufundishi kunyamaza.

Tena haki hii si ruhusa ya kumwamuru daktari atoe dawa tuipendayo. Ni haki ya kutazamwa tena. Daktari wa pili akisema kama wa kwanza, yatupasa kutulia.

Mimi ni mwalimu, nami naijua kiburi ya kazi. Siku moja mvulana alisimama akasema, "Mwalimu, hesabu ile ubaoni ina kosa." Nilimwambia akae. Jioni niliirudia hesabu ile nikaona amesema kweli, nikaona haya. Kesho yake nilifuta kwa kitambaa, mambo yakaisha. Kosa la daktari halifutwi kwa kitambaa.

Nalo jambo lililo baya kuliko yote ni hili: mtu asiyethubutu kuomba huitika "Ndiyo, Bwana," kisha usiku humtorosha mgonjwa wake. Je, ni nani aliyemheshimu daktari? Ni yule aliyeomba waziwazi, au yule aliyeitika akakimbia? Unyamavu wa woga si adabu, na mara nyingi mgonjwa ndiye alipaye gharama yake.

Kwa hiyo, siku ukiona mgonjwa wako anazidiwa, simama, usipige kelele, sema: "Bwana Daktari, twashukuru kwa kazi yako. Nimeona jambo hili na hili tangu jana, nami naogopa. Naomba mwenzako naye amtazame." Daktari mwema hatakasirika, maana yeye naye ataka mgonjwa apone. Na akikasirika, hasira yake itapoa kabla ya jua kuchwa. Kaburi halirudishi mtu.