Ushahidi wa Nisichokiona

Baba alikuwa fundi wa kuezeka makuti Malindi, na hakuna alichokishikilia kama mwinamo wa paa. Paa likilala, alisema, maji hukaa. Yakikaa, makuti huoza. Somo hilo nimelirudia Minneapolis, nikisomea ukaguzi wa nyumba.

Huku mteremko huhesabiwa kwa inchi: paa limepanda inchi ngapi kwa kila inchi 12 za kwenda mbele. Zikiwa 4 au zaidi, chini ya vigae vya lami yatosha karatasi moja ya kuzuia maji. Zikiwa kati ya 2 na 4, kanuni za ujenzi hudai tabaka mbili. Chini ya 2, vigae hivyo havitakiwi kabisa. Na baridi huongeza balaa: joto la nyumba huyeyusha theluji ya juu, maji huteremka hadi upenuni, huko yakaganda na kujenga kizuizi, na yanayofuata hurudi nyuma yakapenya chini ya vigae. Hapo kinachoikinga nyumba ni karatasi ambayo hakuna aliyeiona tangu ilipofunikwa.

Karatasi hiyo ilinikosesha usingizi. Mkaguzi hutazama, habomoi. Siku moja mimi na mwalimu wangu tulikagua nyumba iliyotakiwa na mama mmoja wa Mombasa. Nililaza pimamaji, nikapima: inchi 3. Nikainua taratibu kigae cha pembeni, nikahesabu karatasi mbili. Katikati ya paa sikuweza kuhesabu chochote.

Waislamu tunakijua kisa cha Mtume sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka na vidole vikatoka vimelowa. Mvua ilikuwa imeinyeshea, na muuzaji akaiacha ile kavu juu. Utotoni nilikisikia kuwa kisa cha muuzaji. Siku ile, juu ya ngazi, nilikisikia kuwa kisa cha mkono. Wangu uliishia ukingoni. Nikisema paa lote ni zima kwa sababu ya ukingo, nimekishuhudia nisichokiona, na yule mama atalipa akiba ya maisha yake kwa neno langu.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nami naliona zito vilevile. Wapo wanaoandika "haikuonekana" kila mahali ili wasidaiwe kesho. Neno ni la kweli, ila limetumika kumkimbia mtu aliyekuamini. Amana, nadhani, ni kuufikisha mkono mpaka pale unapoweza kufika, ndipo useme umeishia wapi.

Kwa hiyo nikapanda darini na tochi, nikatambaa juu ya boriti, nikitazama mbao za paa kwa upande wa chini, ubao baada ya ubao, na ncha za misumari kama zina kutu. Karibu na bomba la moshi ubao mmoja ulikuwa na doa la rangi ya chai. Niliugusa. Mkavu.

Nikashuka. "Mama, pembeni nimeona karatasi mbili, kama inavyotakiwa kwa paa lililolala hivi. Katikati sijaona, wala siwezi kuona bila kubomoa. Darini kuna ubao uliowahi kulowa. Leo ni mkavu, ila sijui maji yalipita wapi."

Alinyamaza, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Niandikie hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Na hilo usilolijua, liandike pia."