Mawazo ya Masika

"Usiwaze sana, utapata presha." Ushauri huu hutolewa kijijini Usevya kama unavyotolewa Mpanda mjini, na hutolewa kwa upendo. Ninachouliza ni kama unamtendea haki anayeambiwa.

Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa karibu miaka 2000 iliyopita, alifundisha kwamba kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe bali hukumu anayoitoa juu yake. Rekebisha hukumu, moyo utatulia. Nayaheshimu mafundisho hayo, hasa yakitoka kwa mtu aliyeonja utumwa. Lakini yanachukulia kwamba mwenye wasiwasi amehukumu vibaya. Mtazame mama wa Mpimbwe, iliko Usevya, mwezi wa pili. Mahindi ya mwaka jana yamebaki debe moja, ya mwaka huu yangali mabichi, mpunga ndiyo kwanza umepandikizwa, na mtoto ana homa. Usiku hapati usingizi. Amekosea wapi? Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Mwaka 2006 watafiti Craig Hadley na Crystal Patil walichapisha matokeo ya kazi yao miongoni mwa akina mama wa vijijini Tanzania: nyumba ilivyozidi kukosa uhakika wa chakula, ndivyo dalili za wasiwasi na sonona zilivyozidi. Mwaka 2008 wakachapisha ufuatiliaji wa jambo hilo kwa misimu, na hali ya chakula ilipobadilika, dalili nazo zilibadilika. Hisia hizi, basi, si udhaifu wa tabia. Ni namna ya kujua.

Tatizo ni gharama ya kujua huko. Kiboko akikutokea kando ya mto Katuma, adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, sukari huingia kwenye damu ili miguu ipate nguvu. Ukishanusurika, mwili hurudi ulivyokuwa. Njaa ya masika haikimbiwi. Kotisoli, homoni ya msongo, yaweza kukaa juu kwa majuma, usingizi hukatika, kinga hulegea, na shinikizo la damu laweza kupanda. Njia iliyobaki ni kibarua, nacho kina ukatili wake: mama hupalilia shamba la mwenzake apate unga wa leo, huku lake likimezwa na magugu. Hofu ya mwaka huu inapanda mbegu ya hofu ya mwaka ujao, naye anaiona ikiota.

Hapo ndipo ninapoachana na Epictetus. Kumtaka mama huyu atulie ni kumtaka aache kuona.

Muuguzi anayempima presha ana kila sababu ya kumpa dawa na kumsihi apumzike. Ningemwomba aongeze swali moja: chakula kilichobaki nyumbani ni cha siku ngapi? Kisha jibu limfikie mtendaji wa kijiji mapema, mahindi ya msaada au ya bei nafuu yapate kufika kabla mama hajaliacha shamba lake.